Salamu Kwenye Kopo la Biskuti

Nilijifunza kukata filamu katika umri ambao wenzangu walikuwa wakijifunza kuvaa miwani. Nilikuwa fundi wa redio, na kibanda changu kilikuwa Malindi ya Unguja, karibu na bandari, mahali ambapo chumvi huingia ndani ya redio kabla ya vumbi. Skuli sikufika mbali. Yaliyobaki niliyatoa vitabuni, neno baada ya neno, kamusi ikiwa mkono wa kushoto na chombo chenyewe kimefunguliwa mkono wa kulia. Redio niliijua kwa njia hiyo, na sinema nilikusudia kuijua kwa njia hiyohiyo.

Mwishoni mwa miaka ya hamsini lilifunguliwa mjini darasa la jioni la kufundisha watu kupiga na kutengeneza filamu. Ofisi iliyoliendesha ilikuwa na gari la sinema, lile lililokuwa likizunguka mashamba, likitundika shuka jeupe uwanjani na kuonyesha picha za kilimo na afya. Ilitaka filamu za hapahapa, kwa sababu zile zilizotoka ng'ambo watu walizitazama wakabaki kuulizana wale ng'ombe hulishwa nini hata wakanenepa vile. Wanafunzi tulikuwa wachache, wote walimu vijana wa skuli isipokuwa mimi. Aliyetufundisha alikuwa Mhindi wa Mji Mkongwe mwenye studio ya picha, mpole wa maneno, mkali wa mikono. Ukigusa lenzi kwa kidole, alikikamata kidole hicho akakiinua juu darasa zima likione.

Ili kumaliza mafunzo, kila wawili walitakiwa kutengeneza filamu moja fupi isiyo na sauti. Nilipewa mwenza kijana, mcheshi, mtoto wa Malindi kama mimi, aliyeniita Mzee tangu siku ya kwanza. Yeye alitaka kupiga mchezo wa mpira. Mimi nikashikilia kazi ya makumbi.

Sababu yangu ilikuwa ya kifundi. Makumbi ya nazi hufukiwa pwani ndani ya mashimo, bahari ikayafunika na kuyafunua kwa miezi. Yakishalainika hufukuliwa, hupondwa kwa gongo mpaka zibaki nyuzi tupu, yaani usumba, na usumba ukasokotwa kamba. Hatua inafuata hatua. Niliona kwamba filamu ya namna hiyo haiwezi kunipotea.

"Filamu yako itanuka, Mzee," mwenzangu akaniambia. Shimo la makumbi likifunguliwa, harufu yake huitangulia habari.

"Sinema haina pua," nikamjibu.

Tukaenda Chwaka. Kazi ile ni ya wanawake, na mimi nimelelewa kwamba mwanamke asiyekuhusu humwendei pwani ukamwambia unataka kumpiga picha. Tulielekezwa kwa mama mmoja mjane, mwenye umri wa kunizidi kidogo, aliyesifiwa kwa usumba mweupe. Mimi sikumwendea yeye. Nilimwendea kaka yake, mwenye duka dogo karibu na msikiti, nikamweleza kila kitu tangu kamera mpaka shuka. Alisikiliza huku akifunga sukari kwenye karatasi.

"Mpigeni," akasema. "Kazi si aibu. Ila msimkawize, maji hayamngoji mtu."

Hiyo ndiyo ruhusa niliyoichukua, nikaridhika nayo kabisa. Hata leo nikiipima naiona ilikuwa ruhusa ya adabu. Kasoro yake ni kwamba haikuwa ya mwenyewe.

Siku ya kupiga, mama yule alitukuta tumekwishasimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu. Alikuwa amevaa kanga mpya. Nililiona hilo mara moja, nikaudhika. Hakuna aendaye shimoni na kanga mpya, na weupe wake ulikuwa unairudishia lenzi mwanga mwingi kuliko niliokuwa nimeupima. Sikuuliza kwa nini. Nilikunja uso, nikaanza kupima upya.

Mwenzangu alizungumza naye kama mtoto azungumzavyo na mama, na yeye akamjibu vivyo hivyo huku akiponda.

"Hicho ndo kidude chenyewe?"

"Ndo hicho, mama."

"Na picha yake huenda wapi?"

"Kila linakokwenda gari. Makunduchi, Mkokotoni, na Pemba."

Gongo likasimama. "Pemba wapi?"

"Pemba yote. Mpaka Wete."

"Dada yangu yuko Wete. Kaolewa huko mie ningali mtoto. Sasa miguu imemvimba, hapandi chombo tena, na mie nikitoka hapa makumbi yangu nani atayafukua? Siku nyingi hatujaonana. Ataniona?"

"Atakuona kama unavyoniona mimi sasa hivi."

"Mungu apishe mbali, asinione kama nnavyokuona wewe. Ulivyokonda!" Wanawake wa mashimo ya jirani wakacheka. Kisha akasema, si kwa mzaha tena, "Basi leo ntamwamkia dada'ngu."

Nilisikia. Nimejaribu miaka yote hii kujishuhudia kwamba sikusikia, na siwezi. Nilikuwa nimekiinamia kipimo cha mwanga, na maneno yale yaliingia kama inavyoingia redio ya jirani wakati wewe unatengeneza ya kwako. Yaliingia, lakini sikuyapa mahali pa kukaa.

Kamera yetu ilikuwa ya kutia ufunguo, kama saa. Nilipiga mashimo, nikapiga gongo, nikasogea nikapiga mikono peke yake, nyuzi zikitenganika kati ya vidole. Nilikuwa na furaha ya mtu anayeona kitabu kinasema kweli. Filamu ilipokuwa inakaribia kwisha ndani ya kamera, mama yule aliweka gongo chini. Akajifuta mikono. Akaishusha kanga aliyokuwa ameizungushia mdomoni kwa ajili ya harufu, akainua uso, akaitazama lenzi sawasawa. Midomo yake ikasema neno. Akacheka, akaweka kiganja kifuani, akatulia hivyo mpaka ufunguo ukaisha na kamera ikanyamaza.

Mimi nilikuwa natazama ukingo wa picha, nisije nikaikata miguu ya mkeka.

Filamu ilipelekwa nje kusafishwa, ikarudi baada ya wiki nyingi. Ilikuwa hiyohiyo moja, haina nakala. Kazi ya kukata na kuunga niliifanyia kibandani, kwa sababu mwenzangu hakuwa na subira nayo na mimi sikuwa na hamu ya kusaidiwa. Kitabu changu kilikuwa wazi mezani. Kilisema kwamba mfanyakazi akiitazama lenzi, mtazamaji hukumbushwa kuwa kuna kamera, na kazi yote huharibika. Kipande hicho kikatwe. Nilikifikia kipande cha mwisho, nikamwona mama yule anaitazama lenzi, nikakata.

Nilikuwa na sababu ya pili vilevile. Nilijiambia kwamba uso wa mjane wa watu usitandazwe kwenye shuka mbele ya wanaume wa kila kijiji. Sababu ya kwanza ilikuwa ya ufundi na ya pili ya stara, na mtu mwenye sababu mbili nzuri hatafuti ya tatu. Salamu sikuzikumbuka. Nasema hivi kwa aibu, kwa sababu kusahau namna hiyo ni kazi ya mtu mwenyewe.

Kisha nikafanya jambo ambalo kitabu hakikuniamuru. Kuunga filamu kunahitaji mkono mzoefu. Gundi yake haishiki mpaka ukwangue kwa wembe utando wa picha kwenye ncha moja, uache ukanda mtupu, na ukikwangua kidogo muungo unafunguka, ukizidisha filamu inachanika. Sikutaka kujifunzia kwenye filamu yenyewe. Nikachukua kipande nilichokitupa, nikakikata vipande vifupi, nikakwangua, nikaunga, nikavuta kupima, nikakata tena. Nilishinda nacho siku kadhaa mpaka mkono ulipotulia. Vilivyobaki nikavitia kwenye kopo la biskuti pamoja na skrubu. Ndiyo maana miungo ya filamu yetu ilikuwa mizuri. Mwalimu aliipitisha kwenye vidole vyake gizani, akasema, "Safi. Hausikii mahali palipokatwa."

Neno hilo lilinipendeza kuliko lolote nililowahi kuambiwa katika ufundi.

Gari la sinema likaipeleka filamu Chwaka kwanza, kama ilivyo haki. Watu walikusanyika baada ya Isha, wanaume mbele, wanawake upande wa pili wa shuka, ambako picha huonekana vilevile ila kushoto kumekuwa kulia. Mama yule nilimtambua kwa kanga. Zilikuwa zilezile, zimefuliwa na kukunjwa hata mikunjo ikaonekana.

Mashimo yalipotokea watoto walipiga kelele. Mikono ilipotokea, mwanamke mmoja akapaza sauti, "Mikono ya shoga'ngu hiyo! Pete ile naijua!" Watu wakashangilia. Kamba ikasokotwa, ikafungwa mafungu, neno "Mwisho" likatokea, mwanga ukazimwa. Mimi nilikuwa bado nimesimama kando ya projekta, nimejaa sifa, nilipoona watu wanapisha na mama yule anakuja moja kwa moja. Hakumtafuta mwenzangu wala kaka yake.

"Salamu za dada'ngu umeziweka wapi?"

Hapo ndipo yalipokaa yale maneno. Nikatazama chini. "Nimezikata, Bi."

"Umezikata? Kwani zilikuwa ndefu?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Mtu hatakiwi kuitazama kamera," nikasema. "Na uso wako, Bi, nilichelea... nilidhani..."

"Ulimuuliza nani?"

"Ruhusa niliomba kwa kaka yako."

"Kaka'ngu ndo alokuwa akimwamkia dada?" Akamgeukia kaka yake, aliyekuwa amesogea kutaka kusuluhisha. "Wewe ulimwambia anikate uso?"

"Mimi nilimwambia asikukawize," akajibu yule bwana, akarudi nyuma.

Nilimweleza ukweli wote palepale, pamoja na habari ya wembe. Sikuona pa kuuficha. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nshamtumia habari, Wete. Anajua nnakuja kwenye shuka. Kamba ikikatika huungwa. Nenda kaunge."

Filamu ilikuwa inasafiri Pemba wiki ileile. Kamera ilikwisharudishwa ofisini na darasa limefungwa. Kumpiga upya haikuwezekana. Nililimwaga kopo la biskuti juu ya meza, nikatenga filamu na skrubu, nikaanza kutazama kila kipande kwa kioo cha saa, kile cha kukuzia. Vingine vilikuwa na picha chache tu. Nilivipanga kwa kufuata ukingo wa kanga, jinsi ulivyoshuka kidogo kidogo kutoka mdomoni hadi shingoni, kwa maana ndiyo alama pekee iliyonionyesha kipi kilitangulia. Uso unaoinuka nilikuwa nao. Kicheko kilikuwapo nusu. Kiganja kifuani kilikuwapo chote. Katikati, pale midomo ilipokuwa ikisema, vipande vilikuwa vimekwanguliwa mpaka vimekuwa vyeupe kama kucha. Ndipo nilipopenda kujifunzia, kwa sababu mwanga wake ulikuwa sawasawa.

Nilipoviunga mwishoni mwa filamu nikampelekea mwalimu, alikasirika kwa mara ya kwanza. "Imekwisha hii. Imekwisha na ilikuwa safi. Sasa umeitia viraka mwishoni. Itakwama kwenye projekta, na watu watasema ndivyo nilivyokufundisha."

"Waambie nilijifunza mwenyewe," nikasema.

Akaipitisha kwenye vidole. Safari hii vilikwama kila palipoungwa. Aliitia koponi, akaifunga kwa utepe, na siku ya meli ikaondoka Malindi mimi nikiwa mlangoni pa kibanda changu, naiangalia ikipita juu ya kichwa cha mchukuzi pamoja na mashine ya umeme ya gari la sinema.

Mwendesha projekta aliporudi alipitia kwangu kutengenezewa redio, akanihadithia kama mzaha.

"Filamu yako, Mzee, pale mwisho inaruka kama mtu kakanyaga kaa la moto! Lakini haikukatika. Wete kuna bibi mmoja kaletwa na gari la ng'ombe, kalazwa juu ya godoro, miguu hivi." Akaonyesha kwa mikono. "Kaniomba niirudie. Nikairudia. Kaomba tena. Halafu kasemaje? 'Kanitazama, kacheka, kaweka mkono kifuani. Shikamoo hakunipa. Nimemkosea nini mdogo wangu?' Kageuzwa na gari lake, karudi kwao analia. Wazee hawa!"

Nilimaliza kuitengeneza redio yake. Sikumtoza kitu, naye hakujua kwa nini.

Kwenda Chwaka kumwambia mama yule ilikuwa safari nzito kuliko zote. Nilimkuta pwani, nikasimama mbali kidogo na shimo lake, nikayarudia maneno ya dada yake kama nilivyoyasikia. Aliendelea kuponda mpaka kumbi lililokuwa mbele yake likawa usumba.

"Nimemkosea nini, kasema?"

"Ndivyo alivyosema, Bi."

"Na mie neno la kwanza ndo hilo. Hata kucheka nilikuwa sijacheka." Akaokota kumbi jingine. "Mdomo wangu umeukata wewe. Basi mdomo wako ndo uende."

Sikubishana. Nilifunga kibanda, nikapanda meli.

Nyumba haikuwa ngumu kuipata. Kila niliyemuuliza Wete alijua bibi wa kwenye gari la ng'ombe. Nilipiga hodi, nikakaribishwa na mkwe wake, mke wa mwanawe. Bibi mwenyewe alikuwa amekaa juu ya kitanda cha kamba barazani, miguu imenyooshwa juu ya mto. Nilivua kofia.

"Shikamoo," nikasema. "Hii si yangu. Ni ya mdogo wako wa Chwaka. Aliitoa mwenyewe, mbele ya kamera, na ndilo lilikuwa neno lake la kwanza. Haikufika kwa sababu yangu."

Alipojibu, hakuwa akinitazama mimi. "Marahaba," akasema. "Marahaba, mwanangu."

"Na hii ndiyo yangu. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndo ulomkata?"

"Ndiye mimi."

"Kaa."

Nikakaa. Akaniuliza habari za makumbi, bei ya usumba, kaka yao na duka lake. Nilijibu yote. Kisha akasema, "Kwenye shuka alikuwa akirukaruka, sikumshika vizuri. Wewe ulikuwa naye. Nambie yukoje."

Nikaanza na mikono, kwa sababu mikono ndiyo niliyoikata na kuiunga. Nikamweleza kovu la kidole gumba, pete ya fedha iliyoliwa upande mmoja, jinsi anavyozigeuza nyuzi.

"Mikono yake naijua," akanikata, akainua ya kwake. "Si hii? Uso. Nambie uso. Pengo lake la mbele, alilolipata kwa kupanda mpera wa watu, analo bado, au kashang'oka mengine? Anapocheka bado huziba mdomo?"

Nilimtazama, nikafungua mdomo. Mama yule nilikwishazungumza naye uwanjani na pwani, na kila mara, kwa adabu, nilitazama chini. Siku ya kupiga nilitazama ukingo wa picha. Na picha ambazo zingenijibu, nyingi, zikiwa zimetulia mbele ya kioo changu cha saa, ndizo nilizokuwa nimezikwangua; zilizosalia nilizitazama ukingo wa kanga tu.

"Sijui, Bi," nikasema.

"Ulikaa naye siku nzima?"

"Siku nzima."

Akaishusha mikono yake mapajani. Halafu akamgeukia mkwe wake aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Mpeni mgeni maji," akasema.